Nilinyakua Jina la Daktari wa Ng'ombe, Nikaanza Kuitikia

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa maziwa, maana wao wataongeza chumvi. Nilichukua jina la mtu. Shamba niliacha, ng'ombe niliacha, nikachukua jina. Na nikajiona mjanja!

Mimi nauza vyakula vya mifugo hapa Nakuru. Shule niliachia darasa la sita, lakini nyumba yangu kubwa ya mtaa wa Section 58 haijui hiyo habari. Nilianza kwa kubeba magunia ya wengine mgongoni. Leo magunia ni yangu na mgongo ni wa wengine. Najisifu? Ndio, najisifu. Nani atanisifu, mashemeji?

Sasa, kulikuwa na daktari wa mifugo mstaafu, mzee wa pande za Njoro. Alikuwa na websaiti inaitwa Daktari wa Zizi. Wafugaji kutoka Bahati hadi Molo walisoma hapo ushauri wa bure, na ukiwa na shida unaacha namba yako, anakupigia. Mimi niliiandama hiyo websaiti kama fisi anayefuata mtu akidhani mkono utaanguka.

Mkono ukaanguka! Siku moja nikafungua, nikakuta ukurasa mtupu. Mbio hadi saiba, kwa dada anayenifanyia mambo ya kompyuta. Akanieleza kwamba jina la websaiti halinunuliwi milele; linalipiwa kila mwaka, kama kodi ya duka. Mzee hakuwa amelipa.

"Lakini boss, ziko siku za neema," akasema. "Mwenyewe bado anaweza kulipa, alirudishe. Mtafute umwambie."

"Neema ni ya kanisani, dada. Hii ni biashara."

"Basi mpigie tu."

Nikapiga. Mara moja! Yule mwanamke wa ndani ya simu akasema mteja hapatikani. Jamani, nilifurahi kama mtu ameombewa. "Umesikia? Hapatikani. Hata simu imekubali."

Siku za neema zilipoisha tukalinyakua. Sheria hainishiki, nilikuwa nikisema kila mahali. Na kweli, haikunishika.

Nikaweka picha yangu hapo, nimevaa suti, nimekumbatia gunia, na namba ya dukani chini. Jina la juu nikaliacha vile vile, ndio wateja wasipotee.

Eish! Simu zikaanza. "Daktari, habari ya siku nyingi?" "Daktari, Mungu akubariki." Mimi huyu! Mwanzoni nilikuwa nasema sio mimi. Halafu nikawa nanyamaza tu. Mwishowe nikaanza kuitikia. Mtu wa darasa la sita akiitwa Daktari, hata shati linambana kifuani.

Ndio asubuhi moja akapiga mama mmoja wa Elburgon. Mjane, ana ng'ombe mmoja, na huyo ng'ombe ndiye karo ya watoto.

"Daktari, nisaidie! Ameingia kwa majani machanga, bado yana umande. Sasa tumbo limefura upande wa kushoto kama ngoma. Anahema tu. Nifanye nini?"

Ningesema ukweli ningepoteza nini? Aibu kidogo tu. Badala yake nikakohoa kidaktari. "Mama, huyo hana nguvu. Mpatie chakula cha dairy meal, kile chetu cha gunia, ashibe vizuri."

"Haiya! Amefura, na unataka nimwongezee? Wewe ni daktari wa kutibu ama wa kuzika?"

"Sikiza, mathe..."

"Wewe sio Daktari! Daktari huuliza kwanza kama anacheua. Daktari ako wapi? Ng'ombe wangu anakufa!" Akaanza kulia.

Cheo kikaniishia hapo hapo. Nikaruka kwa pikapu hadi Njoro. Nyumba ya mzee sikuijua, nikauliza wanawake waliokuwa wakipeleka maziwa.

"Daktari? Si ule mlango wa bluu unaona?"

Mlango unaonekana kutoka barabarani! Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamkuta anamlisha mkewe uji. Mama wa watu alikuwa ameugua muda mrefu, na katika kukimbizana na hospitali simu ilipotea, mambo ya websaiti yakasahaulika. Nikasema yote kwa pumzi moja. Hakunigombeza. Alinipatia kikombe cha uji nimalizie kumlisha mkewe, akanyoosha mkono. "Leta simu." Akampigia yule wa Elburgon.

"Mama, ni mimi mwenyewe. Anacheua? Hapana? Msimamishe penye mteremko, miguu ya mbele iwe juu. Mfungie kijiti mdomoni atafune. Mafuta ya kupikia unayo? Mnyweshe pole pole, asipaliwe. Natuma daktari wa huko sasa hivi."

Tukangoja. Mimi nashika kijiko, uji unamwagikia shuka ya mgonjwa. Simu ikalia, ni yule mama na habari za ng'ombe. Amebeua! Amebeua mpaka jirani akatoka nje kuangalia! Tumbo linashuka.

Nikapata mdomo. "Lakini nilikutafuta, Daktari. Hukupatikana."

"Hukunitafuta," akasema. "Ulinipigia."

Jina nimelirudisha, na kulilipia ni juu yangu. Lakini mzee alinipa adhabu ingine: niende Elburgon, nimwambie yule mama kwa mdomo wangu kwamba ni mimi. Nikaenda. Akaniangalia kutoka kwa viatu hadi kofia, akaingia jikoni, akatoka na chai nzito ya maziwa.

"Kunywa. Ni ya yule ulikuwa unataka kuua."

Nikainywa yote, macho chini. Kikundi chote cha maziwa kikapata habari kabla nifike nyumbani. Wateja wengine wamehamia duka la jirani. Wanasema hawawezi kuamini gunia la mtu anayeitikia jina lisilo lake. Waliobaki wananisalimia, "Niaje, Daktari!" na wanacheka mpaka wanashika kaunta. Nastahili.

Kwa hivyo wewe unayevizia jina la mtu huko mtandaoni kwa sababu mwenyewe amenyamaza, nisikize. Pengine anauguza. Pengine anazika. Toka kwa hiyo kompyuta, fika kwao, uliza watu wa maziwa. Na kama ushalichukua, lirudishe leo, kabla hujapigiwa simu na mtu ambaye ng'ombe wake amefura.