Nusu na Shavu la Kushoto

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, mtaa mzima unamwita Nusu, na jina hilo kalipata kwa kazi yake. Ni mpambaji. Chumba chake kina kiti kimoja cha plastiki, kioo chenye ufa pembeni, na dirisha kubwa analolifungua hata kukiwa na vumbi, maana anasema taa ya umeme ni shahidi wa uongo.

Chunusi za usichanani zilimchimba mashavu yote mawili, zikamwachia vishimo na vinundu kama ukuta wa fundi mwenye haraka. Mwingine angejifungia ndani. Yeye kila asubuhi hupaka faundesheni nusu ya uso, upande wa kulia tu, kisha anafungua mlango. Mteja akiuliza, "Dada, na hili ganda langu la fenesi utaliweza?" yeye husogea dirishani. Anamgeuzia shavu la kushoto, halafu la kulia. Basi, mteja anakaa.

Mimi nilipiga plasta miaka mingi, hadi magoti yaliponigomea. Sasa natembea tu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na nikifika kwa Nusu nakaa karibu na mlango kumtazama. Kazi yake ni yangu ileile. Ukuta mkavu hunywa plasta halafu hupasuka. Naye huanza kulainisha uso kwa losheni, akangoja iingie. Vishimo anaviziba kimoja kimoja kwa krimu, kiasi cha punje ya mtama, akibonyeza kwa ncha ya kidole. Ndipo faundesheni, tabaka jembamba, kwa sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa. Hasugui, anagongagonga taratibu.

"Mjomba," aliniambia siku moja, "ukisugua unaamsha vyote vilivyolala."

Akachumbiwa na fundi wa mafriji, mtu mpole, mchache wa maneno. Maneno yote ya ukoo wao aliyachukua shangazi yake, aliyemlea, mwenye ulimi wa kumenyea viazi. Mama huyu hakuwa amewahi kumwona Nusu, lakini alisema mbele za watu, "Nasikia bibi harusi wetu ana mashavu ya kukwaruzia karoti. Siku hiyo nitakaa mbele, nione vizuri."

Maneno yana miguu, yakafika. Nusu akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mjomba, siku moja tu. Nataka mashavu mawili laini, yule mama akose la kusema."

Asubuhi ya harusi, mkono uliozoea haukuuliza mtu: ukapaka kulia, ukafungua mlango. Kushoto angemalizia baadaye, alisema, maana wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wanakuja kupambwa, na mtaani hapakuwa na mpambaji mwingine. Wakaja wanne. Wa mwisho akawa shangazi mwenyewe, kajifunika mtandio hadi machoni.

"Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umejipaka nusu? Umekata tamaa katikati?"

"Keti, mama."

Akaketi, akavua mtandio. Nikakohoa ili nisicheke. Vishimo vilevile! Vinundu vilevile, hata rangi ya ngozi ileile, ungedhani wamezaliwa tumbo moja. Kama ni kukwaruza karoti, pale wangeshindana.

Nusu akachukua losheni. Akamlainisha, akaziba, akampiga tabaka jembamba. Likakaa vizuri sana.

"Ongeza," shangazi akasema.

"Mama, ikizidi—"

"Ongeza, mwanangu! Usinifanyie uchoyo."

Akaongeza. Mama akaamuru tena, na tena, mpaka chupa ya faundesheni ikatoa pumzi yake ya mwisho, pfuu. Shangazi akajitabasamia kiooni, na plasta ikapasuka kutoka puani hadi sikioni.

"Usicheke, mama!"

"Harusini nisicheke? Niende kulia?"

Nusu akaitikisa chupa. Akaigonga kiganjani. Tupu. Rangi ile huuzwa duka moja tu, upande wa pili wa mji, na gari la kuwachukua lilikuwa linakaribia. Akajigusa shavu la kushoto, nikaona machozi yanamjaa.

Nikasema, kama najisemea mwenyewe, "Sisi plasta ikizidi ukuta huu, hatutupi. Tunaikwangua, tunapiga ukuta wa pili."

Nusu akanitazama. Akatoa sponji mpya, akailowesha, akaikamua. Akaibonyeza kwenye shavu la shangazi, akainua. Akaibonyeza kwenye shavu lake la kushoto, akainua.

"We! Unanifanya nini?"

"Nakupunguzia mzigo, mama."

"Unaupeleka wapi?"

"Kwa jirani."

Akaendelea, huku na huko, bila kusugua hata mara moja. Nyufa za shangazi zikazibika, na shavu la Nusu likafunikwa. Kiooni wakawa wawili wamekaa bega kwa bega, laini wote. Shangazi akajitazama, akamtazama mkwe wake, akahesabu mwenyewe kichwani nini kimetoka wapi.

"Ukimwambia mtu," akasema polepole.

"Nimwambie nani, mama, na ushahidi nimeuvaa mimi?"

Ukumbini shangazi alikaa mbele kama alivyoahidi. Nilikuwa kiti cha nyuma yake. Mwanamke mmoja akamwinamia sikioni: "Mbona bibi harusi laini hivi? Si ulisema karoti?"

"Mimi? Lini?" shangazi akajibu, akiushika uso wake usije ukacheka sana. "Mwangalie vizuri yule. Amechukua kwetu."