Diski ya Majaribio

Mtaa mzima ulimwita Fundi Bisibisi, na mwenyewe alishalizoea jina hilo hata lake la kuzaliwa likawa linamshtua. Duka lake lilikuwa na upana wa meza moja, chini ya ngazi, kati ya kinyozi na muuza mapazia, na nyuma yake mikweche ya laptopu ilipandana hadi darini. Kwa maneno hakuwa mchoyo. Mteja aliyeketi kwenye kile kiti cha plastiki alisimuliwa habari za skrubu mpaka chai yake ikapoa. Watu wakamwona mcheshi. Mtu anayerudi jioni kwenye chumba ambamo kikombe kipo palepale alipokiacha asubuhi, asiongee mchana ataongea lini?

Alikuwa na desturi moja. Kila alipotengeneza trei ya diski, aliijaribu kwa diski ileile: video ya harusi yake. Alidai kwamba anaijua mno, picha ikikwama hata kidogo ataona. Kweli, lakini si hilo tu. Mwanzoni kabisa mkewe, ambaye alishafariki, anaingia ukumbini, anajikwaa kwenye zulia, anacheka. Fundi akishasikia kicheko husema, "Imepona," kisha anazima. Zaidi ya hapo hakuwahi kutazama tangu msiba. Nakala nyingine hakuwa nayo. Wateja aliwahubiria kila siku watunze nakala, lakini mganga hajigangi.

Siku moja akaja mwalimu mstaafu, mama mrefu mwenye mwavuli, na laptopu yake ambayo trei yake ilikataa kufunguka. Fundi akamshauri aachane na mambo ya diski, siku hizi watu wana flashi. Mama akamjibu kwamba amefundisha maisha yake yote na sasa ni zamu ya wengine kujifunza. Basi Fundi akaichomoa trei mbovu, akatafuta nzima kwenye mikweche, akaipachika na kuijaribu. Mkewe akajikwaa, akacheka. Imepona. Papo hapo wateja wawili wakaanza kugombania zamu, na katika kuwaamua Fundi akaifunga laptopu na kumkabidhi mwenyewe, diski ikiwa ndani.

Alipokuja kugundua, alipekua duka mpaka chini ya mkeka. Namba ya mama yule hakuwa nayo, wala hakujua anakaa wapi. Jioni alikaa kitandani akajaribu kukikumbuka kile kicheko. Sura ya mkewe ilikuja, mdomo ukafunguka, sauti haikutoka. Hapo akaogopa kwelikweli. Alijiona amefiwa upya, na safari hii hakuna wa kumpa pole, maana nani anapewa pole ya diski?

Siku zilizofuata hakusimulia habari za skrubu. Kinyozi akamuuliza kama anaumwa jino.

Hatimaye mwalimu akarudi, diski ameifunga kwenye kitambaa safi. Aliketi bila kukaribishwa, akaomba radhi kwa kuchelewa. Alikusudia kuileta siku ya pili yake, akasema, ila diski zake mwenyewe zilikuwa za masomo ya zamani, na hii ilikuwa na watu. Basi akawa anaiweka kila jioni anapokula, mwanzo mpaka mwisho. Sasa anamjua shangazi anayelia, na mjomba aliyecheza hadi kiatu kikamtoka.

"Na bibi harusi," akasema. "Kule mwisho wageni wakishaondoka, anapanga viti mwenyewe na gauni lake lile. Nimempenda. Hajambo?"

Jibu la kweli, kwamba alishafariki, Fundi alikuwa nalo. Lakini tangu mazishi, swali hilo hakuna aliyemuuliza. Walimpa pole, kisha hata jina la mkewe wakaliogopa.

"Hajambo," akasema.

"Basi msalimie sana."

"Zitafika, Mwalimu."

Mama aliondoka na mwavuli wake. Fundi akafunga duka mapema. Salamu ni amana, nayo haikai dukani. Akachukua mkweche mmoja wenye trei nzima, akaenda nao nyumbani, akaiweka diski na kuvuta kiti. Kicheko kikapita. Hakuzima. Alitazama ngoma, shangazi, kiatu, mpaka ukumbi ukabaki mtupu na mkewe anabeba viti, gauni limekunjwa magotini.

"Mke wangu," akamwambia, "unasalimiwa."