Tukummeq na Unene wa Barafu

Miaka kumi na miwili Tukummeq aliwapeleka wanasayansi juu ya bahari iliyoganda, kwa sleji, gari la kuteleza lililokokotwa na mbwa wake mwenyewe. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na tisa, mfupi, mwenye sauti ya kutisha mbwa na wanaume sawasawa. Kila Machi walitoka kijijini Siorapaluk, kaskazini ya mbali, wakasimama kwenye vituo vilevile kumi katika ghuba, wakatoboa barafu kwa keekee, wakapima unene wake. Mwaka wa kwanza walipata mita moja na robo. Mwaka huu sehemu nyingine hazikufika hata sentimita sitini.

Shemeji yake Qaavigaq, mwindaji hodari, hakuacha kumchokoza dukani.

"Shemeji, umepima mpaka imeyeyuka! Ungeiacha tu, pengine ingepona."

Watu walicheka. Tukummeq naye alicheka, ila neno lile lilimchoma. Majira yaliyopita sili, wanyama wa baharini wanaowindwa huko, walikuwa adimu, nyama ya kulisha mbwa ikakosekana, na mbwa watano kati ya kumi na wanne aliwapiga risasi mwenyewe. Hakutaka msaada wa mtu.

Siku hiyo alikuwa na Sofus, mtafiti kijana wa Kidenishi. Walipokaribia kituo cha saba, Tukummeq alisimamisha mbwa, akatangulia kwa miguu akigonga barafu kwa mtaimbo. Pigo la tatu, maji yakabubujika juu.

"Tunarudi."

"Mama, ni hatua mia tatu tu," Sofus alisihi. "Nikikosa namba hii, kumbukumbu zote zinabaki na pengo."

"Pengo la karatasini halimzamishi mtu, mwanangu. Hili linameza sleji na mbwa wake."

Sofus aliyatazama maji yale. Kisha akatoa daftari akaandika: *haipitiki.*

Njiani Tukummeq akakumbuka kwamba Qaavigaq na wanawe wawili walipanga kupita papo hapo kesho yake, kufuata sili. Hakwenda kwake kubishana, alimjua. Alimwomba Sofus karatasi, akachora ghuba kwa mkono wake, akaandika unene wa kila kituo walichopima, na cha saba akakizungushia duara jekundu. Akaibandika mlangoni mwa duka.

"Sasa tunaongozwa na karatasi?" Qaavigaq alifoka mbele ya watu.

"Usiongozwe. Wasomee wanao tu."

Wale vijana walisoma wenyewe, wakamtazama baba yao. Kesho yake walipita nchi kavu, juu ya barafu ya mlimani, njia ndefu, Qaavigaq akilaani kila mteremko. Siku ya pili upepo wa kaskazini ulivuma, na katikati ya ghuba kukawa maji matupu, meusi, yakionekana hata kutoka madirishani.

Qaavigaq aliporudi aliingia kwa Tukummeq bila kubisha hodi, akajimiminia kahawa. Aliinywa mpaka kikombe kikaisha.

"Jumatatu tupite wapi, shemeji?"

Tukummeq akamwonyesha.

Sofus alipokuwa akifunga mizigo kuondoka, Tukummeq alimuuliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza mtafiti yeyote.

"Barafu itarudi kuwa nene?"

"Sidhani, mama. Si katika maisha yetu."

Aliitikia kwa kichwa. Alimshukuru kwa kutomdanganya, akamsaidia kubeba keekee hadi uwanja wa helikopta, kisha akarudi kulisha mbwa wake tisa.