Nyuma ya Bucha

Jana, katika saluni moja mjini Embu, msusi aliunguza ncha za nywele za mteja, na harufu ile ikanirudisha utotoni, nyuma ya bucha.

Mama alikuwa amezikwa, nami nilikuwa nimemchoma mwanafunzi mwenzangu mkono kwa bikari. Shule ilikataa kunipokea tena. Nyumbani walificha visu, hata makasi. Sikukasirika. Sikuhisi kitu. Nyanya alikuwa na shamba la kulima, kwa hiyo kila asubuhi aliniacha kwa mke wa mwenye bucha, ambaye kazi yake ilikuwa kubabua vichwa na miguu ya mbuzi kwa moto wa kuni.

Siku za kwanza nilikaa tu kwenye jiwe, nikitazama manyoya yakijikunja na kuwa meusi. Yule mama hakuniuliza chochote. Alinipa chai, akaendelea na kazi.

Asubuhi moja akanisogezea mguu uliobabuliwa, pamoja na kisu.

"Kwarua ukienda chini," alisema. "Usikate ngozi."

Jirani aliyekuja kununua supu akasimama. "Unampatia huyo kisu? Si unajua alichofanya?"

"Najua," alijibu. "Lakini miguu ni mingi, na mimi nina mikono miwili tu."

Nilikishika. Mpini ulikuwa bado na joto la kiganja chake. Jirani hakuondoka, akabaki akinikodolea macho. Yule mama alinitazama mara moja, kisha akanigeuzia mgongo, akainama kupuliza moto.