Waliochukua Sare

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka mtaani kwetu Mwananyamala nikiwaeleza wanawake habari za kidonge cha kinga: unameza kimoja kila siku ungali mzima, na virusi vya ukimwi havikupati hata kama mwenzio anavyo. Zahanati walinipa mkoba na fulana. Kuzunguka sikuzunguka sana, nisiseme uongo. Mie Mzaramo, mambo ya chumbani nilifundishwa kuyasema ndani, kwa wanawake wanaojuana. Basi niliyasema kwenye shughuli zetu, mlango umefungwa, kwa walioalikwa wakachukua kitambaa cha sare. Walicheka, wakaulizia, wengi wakaenda kuchukua dawa.

Jirani yangu, Mmakonde, mke wa mchonga vinyago, hakuwahi kuletewa sare. Miaka minane tunachota maji bomba moja, tunaazimana mbuzi ya kukunia nazi. Hakuna aliyemkataa. Tulikuwaga tunasema tu, wale wana mambo yao.

Siku moja nilimwona mumewe zahanati, kwenye dirisha la dawa za kufubaza virusi. Siri ya mgonjwa siitoi, na hilo silijutii. Lakini kidonge cha kinga hakikuwa siri ya mtu. Ningeweza kumweleza mkewe kama nilivyowaeleza wenzetu. Nikajisemea, mume atamwambia.

Alimwambia, baada ya miezi mitano. Asubuhi yake mkewe alinikuta naanika nguo.

"Dada, mume wangu kaambiwa kuna dawa ya kunikinga mie. Nipeleke."

Nikampeleka. Kabla ya kuanzishiwa ni lazima upimwe, kwa sababu kidonge hicho ni cha mtu ambaye hajaambukizwa. Aliingia peke yake, mie nikabaki kwenye benchi. Alikaa sana. Alipotoka alikuwa ameshika mfuko wa dawa, nikafurahi, nikajua kawahi.

"Siyo hizo," akasema. "Hizi ni kama za baba watoto."

Njiani hakulia. Mie ndiye niliyeshikwa na aibu, na kwa aibu hiyo nikaanza kujitetea, jambo ninalojichukia kwalo hadi leo. Nikamwambia kwetu maneno yale hayasemwi hovyo, husemwa ndani, kama mwali anavyofundwa unyagoni.

Alisimama, akanitazama.

"Kwani mie sikuchezwa?" akauliza. "Unyago kwetu upo, tena mkubwa. Ungebisha hodi tu, dada. Ningefunga mlango mwenyewe."