Uchungu Niliouita Kidogo Tu

Kabla sijazaa mimi mwenyewe nilikuwa nimewazalisha wanawake wengi, na wote niliwaambia neno lile lile: usione haya, ukiumwa sema. Nilikuwa mkunga msaidizi katika hospitali ndogo ya misheni huku juu, Upare ya Kusini, miaka ya mwisho mwisho ya Waingereza. Dawa zetu zilikuja kwa garimoshi mpaka Same, zikapanda mlima kwa lori njia ikiwa kavu, na kwa vichwa vya watu ikiwa tope. Kwa hiyo kila chupa tuliijua kama mtu anavyomjua mbuzi wake. Kwenye kabati la kufuli, rafu ya juu, palikuwa na kisanduku cha pethidini, sindano ya kupunguza uchungu.

Wasichana huniuliza mpaka leo: inauma kiasi gani? Siwadanganyi. Inauma sana. Lakini inauma kwa namna yake, na ukiijua namna hiyo hofu hupungua nusu nzima. Huku kwetu tunayo mabwawa ya mawe na udongo tunayoyaita ndiva. Maji ya kijito hukusanyika humo taratibu. Yakishajaa, mtu huzibua tundu, maji yanashuka kwa nguvu kwenye mifereji mpaka mashambani, kisha tundu linazibwa na kunakuwa kimya. Uchungu wa uzazi huenda hivyo. Hausagi mfululizo kama jino bovu. Hujikusanya kiunoni au chini ya kitovu, ukajaa, ukafunguka, ukapita, ukakuacha upumue. Tofauti ni kwamba huu hujaa haraka zaidi kadiri saa zinavyokwenda, na mapumziko yanazidi kuwa mafupi. Na kila mwanamke ana wake. Nimemwona mmoja akisuka nywele za mwanawe mkubwa hadi karibu na kujifungua, na mwingine aliyeteseka siku nzima kwa mtoto mdogo kama paka.

Vitu vya kumsaidia havikuwa vingi, ila vilikuwapo. Cha kwanza ni miguu yake mwenyewe: atembee, asimame, aegemee dirisha, asilazwe chali kama mgonjwa. Cha pili ni mikono ya mtu anayempenda, au walau asiyemchukia, ikimkandamiza kiunoni. Cha tatu ni kitambaa cha maji ya moto. Kisha pethidini. Nusukaputi, dawa ya kumlaza mtu kabisa, tuliiweka kwa ajili ya daktari, pale mtoto alipokataa kutoka na ikabidi avutwe kwa vyuma. Sista wetu, Mzungu mrefu aliyependa sana uji wa ulezi, alituambia kwamba kwao wanawake huvuta hewa ya dawa kutoka kwenye mashine, wakaweza hata kucheka katikati ya uchungu. Mashine hiyo haikufika kwetu. Tuliisikia kama tulivyosikia habari za theluji.

Kuhusu pethidini, sista alitufundisha jambo moja hadi tukaliimba: ina saa yake. Ukimchoma mama mapema, anapata nafuu kwa muda wa kutosha, anasinzia kidogo kati ya uchungu na uchungu. Ukimchoma amekaribia kabisa, dawa inaingia kwa mtoto, na mtoto anazaliwa na usingizi wa mwingine, mzito wa kuvuta pumzi. Kwa hiyo kazi ya mkunga ni kujua mama amefika wapi, na kazi ya mama ni kusema ukweli.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na shida. Katika ukoo nilioolewa, mwanamke hakupiga kelele wakati wa kujifungua. Hapakuwa na sheria. Palikuwa na wanawake waliokaa nje. Walikuja na ungo na maharage yao, wakachambua, wakasubiri, na masikio yao yalikuwa ndani. Hawakusema kitu siku ile. Walisema baadaye, kisimani, wakicheka: "Yule? Yule alimwita mama yake mpaka mbuzi wakatoka zizini." Na mtoto angekua, angeoa, na mbuzi wale wangekuwa bado wanatoka zizini.

Mama mkwe wangu alizaa wanne, na habari za kimya chake zilivuka mpaka bonde la pili. Nilimpenda. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye mzaha usiotabasamu. Nilipoingia katika mwezi wangu wa kujifungua aliniambia, "Nyinyi wa hospitali mmezoea kusikia kelele. Sisi tutaona."

Uchungu ulinishika asubuhi nikimenya magimbi. Mume wangu alikuwa karani huko chini Same, kwa hiyo tuliondoka mimi na mama mkwe, na majirani wawili nyuma yetu na ungo wao. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya kilima. Kila uchungu ulipojaa nilisimama, nikajifanya natazama kahawa za watu.

"Unaumwa?" akauliza mama mkwe.

"Kidogo tu, mama."

"Kahawa hizo huzijui?"

"Nazijua."

"Basi twende."

Zamu ile ilikuwa ya mkunga mwenzangu, Mbondei kutoka upande wa Muheza, mwanamke mnene, mchangamfu, aliyesema kila kilichopita kichwani mwake. Alinipima. "Njia imefunguka vidole viwili," akasema. "Safari bado, shoga yangu. Unaumwaje?"

"Kidogo tu."

"Ukitaka sindano niite. Saa yake unaijua mwenyewe, sina la kukufundisha."

Chumba kilikuwa na dirisha moja, na chini ya dirisha, nje, palikuwa na benchi. Hapo ndipo mama mkwe na majirani walipokaa. Niliyasikia maharage yakianguka kwenye ungo, tik, tik, tik. Uchungu uliponijia nikashika ukingo wa kitanda na kuhema kwa nguvu kidogo. Maharage yakanyamaza. Nikabana midomo. Maharage yakaendelea.

Nilikaa hivyo sijui muda gani. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nahesabu. Nilijua mwendo wa uchungu wangu kana kwamba nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda, na nikaiona saa ya sindano ikija, wazi kabisa, kama mtu anayepanda njia kuelekea kwako. Nikasema moyoni: uchungu huu ukipita, namwita. Ukapita. Nikajiambia, huo umepita, na wa pili utapita. Mwenzangu alichungulia mlangoni.

"Vipi?"

"Kidogo tu."

"Ama kweli nyie Wapare! Mimi ningekuwa nimeshavunja kitanda."

Kule nje nilisikia mama mkwe akicheka kwa pua, na nitasema ukweli, nilijisikia vizuri. Nilikuwa kama mtoto aliyesifiwa shuleni.

Chumba cha pili alikuwamo mama aliyeletwa kutoka kijiji cha Bendera, na yeye alilia tangu alipoingia. Aliwalilia mumewe, mashemeji, na mtu aliyemwuzia kitanda. Mwenzangu alimkimbilia kila mara, na hatimaye akampa sindano. Nilimsikia akinyamaza taratibu, kisha akikoroma. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa bado sana; alijifungua siku ya pili yake, salama. Tulikuwa tumempima kwa sauti yake, na mimi nikapimwa kwa kimya changu.

Kisha uchungu ukabadilika. Haukuwa tena maji ya mfereji. Ulikuwa ukuta wa ndiva wenyewe unaobomoka, na hapakuwa na mapumziko. Nikasahau ungo. Nikaita, "Njoo! Nipe! Nipe sindano!"

Mwenzangu akaja mbio, akanipima, uso ukamgeuka. "Mungu wangu. Njia yote imefunguka. Kichwa hiki hapa. Mbona hukusema?"

"Nipe."

"Siwezi, shoga, unajua siwezi."

Nilijua. Ningekuwa mimi ndiye mkunga ningekataa vile vile, kwa sauti ile ile ya upole. Nilimwelewa kabisa, na nikamchukia kabisa, yote kwa wakati mmoja. Hapo nikapiga ukelele ambao nilidhani ulikuwa wa mtu mwingine.

Maharage yakanyamaza. Mlango ukafunguliwa, na mama mkwe akaingia bila kuitwa. Alinisimamisha, akanipa dirisha niliegemee, akaweka ngumi zake mbili chini kabisa ya kiuno changu, akasukuma kwa uzito wake wote mdogo. Haikuondoa uchungu. Lakini uchungu ulipata mahali pa kuegemea, na mimi nikapata pumzi. Wale majirani wawili walikuwa pale pale nje, uso kwa uso na mimi, wamekumbatia ungo.

"Mama," nikasema, "nisamehe. Nimepiga kelele."

"Saa ngapi?" akasema nyuma yangu. "Mimi sikusikia. Nilikuwa nachambua maharage." Kisha akainua sauti kuelekea dirishani: "Na nyie mmesikia kitu?"

"Hatukusikia," wakasema wale wawili.

Msichana wangu alizaliwa mchana ule, akilia kwa niaba ya ukoo mzima.

Mama mkwe aliniuguza vizuri. Lakini siku moja, akinikanda kwa maji ya moto, aliuliza, "Wewe si ndiye unayewachoma wenzako sindano? Kwa nini hukuomba yako?"

"Mlikuwa dirishani, mama."

Aliendelea kunikanda. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. Hakuwa yeye peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo.

Niliporudi kazini mwenzangu alinionyesha shuka la kitanda kile, limechanika upande wa miguuni. "Ulilichana kwa vidole vya miguu," akasema. "Mimi nilikuwa nautazama mdomo wako. Mjinga mimi." Tangu siku ile niliacha kumwuliza mwanamke wa huku kwetu kama anaumwa, kwa sababu jibu nalijua. Nilitazama miguu. Vidole vikijikunja mpaka vikapauka, nilimpima, hata kama alikuwa anatabasamu. Na benchi lile nililihamisha mwenyewe, nikaliweka nyuma ya jiko, penye kivuli kizuri, ambapo husikii kitu ila kuni.

Siku hizi mambo ni mengi zaidi. Hospitali kubwa zina sindano ya mgongoni, inayokutia ganzi kuanzia tumboni kwenda chini huku ukiwa macho, unaongea. Mahali pengine ile hewa ya dawa ipo. Mahali pengi hakuna chochote kati ya hivyo, na bado ipo miguu yako, na dirisha, na mtu wa kukukandamiza kiuno. Uliza mapema kilichopo, kabla siku haijafika, kwa kuwa siku yenyewe si ya kujifunzia. Ukiambiwa unywe mzizi wa kuharakisha, mwambie mkunga kwanza. Baadhi ya mizizi ina nguvu kweli, na nguvu hiyo hakuna anayeipima. Na anayechagua kuvumilia bila dawa simcheki, mradi amechagua yeye, si benchi la nje.

Mtoto wa pili nilimzaa hospitali ile ile. Safari hii mama mkwe alikaa ndani, kwenye kiti. Mwenzangu alipouliza ninaumwaje, nilifungua mdomo, na nikaona neno lile lile linakuja, "kidogo," limekaa tayari kwenye ulimi. Mama mkwe akaniwahi.

"Mchome," akasema. "Huyu ni mwongo."

Mwenzangu alinipima, saa ilikuwa nzuri, akanichoma. Baada ya muda mfupi kichwa kikawa chepesi na tumbo likachafuka kidogo, kisha uchungu ukasogea. Mama mkwe alikuwa ananitazama kwa makini, kama anavyotazama chungu jikoni kisije kikamwagika.

"Umeisha?" akauliza.

"Haujaisha, mama. Upo. Lakini umekwenda chumba cha pili."

"Unausikia kutoka huko?"

"Nausikia. Lakini haunitafuti tena mimi peke yangu."

Alivuta khanga mabegani, akakunja vidole vyake, kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne, na nilijua kabisa anawahesabu wale wanne aliowazaa. Uchungu mwingine ulikuja ukapita, na bado alikuwa amevishika.

"Hii sindano," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "wakati wangu ilikuwapo?"

"Huku kwetu haikuwapo, mama. Hata sista hakuwa nayo."

Akavifungua vidole vyake, akaviweka magotini.

"Basi afadhali," akasema, "si mimi niliyeikataa." Kisha akasimama, akaja nyuma yangu, akaweka ngumi zake mahali pake.