Hodi Isiyo na Mtu Mlangoni

Mzee Kaimu wa Mbekenyera alilelewa katika nyumba ambayo hodi haikuachwa ikining'inia hewani. Mtu akibisha, hata kama ndani mnagawana ukoko, mnaitikia karibu. Shule hakuipata. Kusoma alijifundisha mwenyewe kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, akiwa juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti alichokalia miaka mingi akifukuza ngedere wasimalize mahindi. Mkewe alipofariki alibaki na mjukuu wa miaka tisa, Raudha, akamrithisha adabu ile ile.

"Kutoitikia hodi," alimwambia, "ni kumtukana mtu."

Lilikuwepo fundisho la pili, ambalo hakumpa. Zamani, mtoto akiitwa kutoka kwenye mikorosho, jua likiwa utosini, na asione mtu, hakuitika. Alinyamaza mpaka aone sura. Kaimu alidhani hilo limepitwa. Nani siku hizi anaitwa kutoka porini? Mapori yenyewe yamekwisha, na watoto wanashinda ndani na simu.

Simu ya Raudha ilitumwa na mama yake, Shakila, anayefanya kazi Dar es Salaam, ili mtoto asomee hesabu.

Mchana mmoja Kaimu alirudi kutoka shambani kufuata maji ya kunywa. Alipokaribia mlango akasikia sauti ya mwanamke asiyemjua, laini, ikisema ndani ya nyumba yake: "Hujambo mrembo? Uko peke yako?"

"Sijambo," Raudha akajibu. "Niko peke yangu."

Kaimu aliingia. Hapakuwa na mtu ila mtoto, na simu juu ya mkeka. Kwenye kioo, sura ya mwanamke ilikuwa imekalia hesabu za kugawanya, ikicheka bila kupepesa macho. Chini yake paliandikwa: Nipo Mbekenyera, kilomita mbili kutoka kwako.

"Nani huyu?"

"Simjui, babu. Anakuja kila siku. Namkaribisha."

Kila palipoandikwa Ndiyo, Raudha alikuwa amebonyeza. Aliulizwa jina, akaandika. Akaulizwa shule, akaandika. Tangu hapo sura ile ilimfuata kila alipofungua, kwenye hadithi, kwenye hesabu, hata kwenye picha za wanyama. Na jana, alipoibonyeza, alikutana na mtu wa kuandikiana naye, akaulizwa anapita njia gani akitoka shule.

"Umemwambia?"

"Bado. Amesema nimjibu leo."

Kaimu aliifunga simu kwa kanga ya marehemu mkewe, akapanda bodaboda hadi Ruangwa, kisha gari la Nachingwea. Njia nzima aliilaza kifudifudi mapajani, yule mwanamke asione barabara.

Fundi simu pale Nachingwea alikuwa binti anayeitwa Dionisia. "Shikamoo mzee," alisema, akifungua kanga. "Ee! Kumbe na wewe unatafutwa na warembo?"

"Marahaba. Anayetafutwa ni mjukuu wangu."

Kicheko kikamkauka. Alisoma yote waliyoandikiana, akayanakili kwenye karatasi ya kupeleka polisi, akamfungia yule mtu asiweze kuandika tena. Kisha akageuza kioo. "Tazama, mzee."

Sura ile ile, meno yale yale. Nipo Nachingwea, kilomita mbili kutoka kwako.

"Tangazo linasoma simu ilipo," alisema Dionisia. "Huyu hayupo popote."

"Na aliyeuliza njia?"

"Huyo ni mtu kweli." Aliinamisha macho. "Yuko wapi, hatujui."

Akaweka kizuia matangazo. Akamwonyesha kinamba pembeni, kinachohesabu matangazo yaliyorudishwa mlangoni. "Kinazuia mengi, mzee, siyo yote. Mtoto naye mfundishe."

Nyumbani, kurasa zilikuwa nyeupe na kimya. Hesabu zilibaki peke yake. Lakini kinamba kilipanda: thelathini na moja siku ya kwanza, kufikia Ijumaa mia tatu na kitu. Kaimu aliwajua ngedere. Ngedere huchoka, wakaenda shamba la mwingine. Hawa hawakuchoka. Alimkalisha Raudha, akampa fundisho alilolibakiza. Mtoto alisikiliza vizuri, kama alivyolisikiliza la kwanza.

Jumamosi mchana, jua likiwa utosini, walikuwa ndani wakila, mlango umerudishwa.

"Hodi!" Sauti ya mwanamke.

Raudha aliacha tonge hewani.

"Hodi wenyewe! Mmelala?"

Alikuwa Bi Mwantumu, jirani yake Kaimu kwa miaka arobaini, aliyemwosha mkewe siku ya maziko. Kaimu alifungua kinywa aitikie. Kiganja cha mtoto kikamziba mdomo, kidogo, cha baridi.

"Hatujamwona, babu," alinong'ona.

Angeweza kukiondoa. Akakumbuka njia ya shule, na yule aliyeiulizia. Akakiacha.

Hodi ya tatu ilikuja kwa sauti ya chini, kama ya mtu anayejiuliza amekosa nini. Kisha nyayo zikavuka uwanja uliofagiliwa, zikasimama kidogo, zikaenda zake. Juu ya mkeka, pembeni ya hesabu za kugawanya, kinamba kikaongezeka moja.